Wanaoishi chini ya mchanga wa Chwaka

Ukizitazama ramani nyingi za mwambao wetu, matumbawe yamepakwa rangi, majani ya bahari yamepakwa kijani, mikoko kijani kilichokoza, na sehemu iliyobaki imeachwa nyeupe. Mara nyingi sehemu hiyo nyeupe ndiyo kubwa kuliko zote. Anayetaka kujenga gati, kuchota mchanga au kulaza bomba huitazama akafurahi, kwamba hapa hapana kitu cha kuharibu.

Jambo hili linaniuma. Nimelelewa na watu wanaopata kitoweo kutoka katika hiyo sehemu nyeupe, kisha nikasomea wanyama wanaoishi ndani yake, na njia zote mbili zimenifikisha mahali pamoja. Mchanga na tope la pwani yetu limejaa wakazi, na kila mkazi yuko pale alipo kwa sababu. Maji, jua, pepo na ukubwa wa punje za mchanga vimempangia, vikamruhusu hapa na kumkatalia hatua ishirini mbele. Ukikigusa kimoja kati ya hivyo, mpango mzima hubadilika, na hakuna atakayeona, kwa kuwa juu mchanga unabaki kuwa mchanga.

Nitaizungumzia zaidi Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Ni ghuba pana yenye maji ya kina kifupi. Siku za bamvua sehemu kubwa yake hukauka au hubaki na maji ya kifundoni, ukaweza kutoka Chwaka, Marumbi au Charawe ukatembea mbali sana kuelekea baharini. Upande wa kusini ipo mikoko iliyopakana na msitu wa Jozani, na tangu 2004 msitu huo na mikoko hiyo vimo katika hifadhi moja ya taifa. Maji huingia na kutoka mikokoni kwa mkono wa bahari unaoitwa Mapopwe. Hakuna mto wa kudumu unaomwaga humo. Hilo ni muhimu, nitalirudia.

Kwanza maji yenyewe. Bamvua la Unguja hupanda na kushuka baina ya mita 3 na 4. Maji mafu hayafiki hata nusu ya hapo. Watu wa pwani wanajua pia kwamba siku za bamvua maji hukupwa kabisa mara mbili, asubuhi kuelekea saa nne au saa tano, kisha tena usiku saa kama hizo. Tumezoea kulichukulia hilo kuwa ratiba ya kwenda pwani tu. Kwa mnyama wa mchangani ni hukumu. Maana yake ni kwamba sehemu za chini kabisa, zile zinazoanikwa siku chache tu katika mwezi, zinaanikwa jua likiwa limekwisha panda. Kama bamvua letu lingekuwa linakupwa alfajiri na magharibi, wanyama wengi laini wangeweza kuishi juu zaidi pwani kuliko wanavyoishi sasa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, maji yaliyobaki kwenye vidimbwi hupita nyuzi 35. Mnyama aliye juu ya mchanga ana njia tatu: ahame na maji, ajifunge ndani ya gamba, au achimbe. Wengi huchimba, kwa sababu sentimita chache tu chini joto ni jingine kabisa.

Kina mama wanaookota pwani wanaisoma mipaka hii kwa nyayo. Nilipokuwa mtoto nilimfuata shangazi yangu, nikaona kwamba hakuwa akitafuta kombe kila mahali. Alipita eneo kubwa bila kuinama hata mara moja, kisha akafika kwenye mchanga wenye tope kidogo, kando ya majani, hapo ndipo alipoanza. Mguu ulipoanza kuzama alirudi nyuma. Palipokuwa na mchanga mkavu wa mawimbi, uliojipanga mistari mistari, hakupoteza muda. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilichorewa picha ya jinsi punje za mchanga zinavyogawa wanyama, na mistari ya picha ile ilipita palepale alipokuwa akigeuka.

Jinsi punje zinavyofanya kazi hiyo ni jambo la kustahili kukaa nalo kidogo, maana ndipo siri yote ilipo.

Maji yanayokwenda kwa nguvu huchukua chembe nyepesi na kuacha nzito. Kwa hiyo penye mkondo au mawimbi hubaki mchanga wa punje kubwa, na penye maji yaliyotulia, kama ndani ya mikoko na katikati ya majani yaliyosongamana, chembe ndogo hushuka na kuwa tope. Mchanga wa punje kubwa una nafasi nyingi katikati. Maji hupita ndani yake na kupeleka oksijeni chini. Ila chakula hupita pia, hakikai, na sakafu yenyewe haitulii, leo iko hapa kesho imesogezwa. Tope ni kinyume chake. Limesheheni mabaki ya majani na viumbe, chakula tele, lakini limeshikana kiasi kwamba oksijeni huingia milimita chache tu. Chini ya hapo rangi inageuka kijivu kisha nyeusi, na ukichimba unapata harufu ya yai viza. Ile ni salfaidi, sumu kwa wanyama wengi.

Basi kila mahali pana bei yake. Wanaokula kwa kuchuja maji, kama aina nyingi za chaza na kombe, huelekea penye mchanga na maji yanayotembea, kwa sababu tope huziba vichujio vyao. Wanaokula tope lenyewe, kama minyoo mingi na majongoo ya bahari, huelekea penye tope na mchanga laini. Halafu wakazi nao hubadilisha nyumba: minyoo wanaokula tope hulipekua mpaka likawa jepesi na la kurukaruka, na kwa kufanya hivyo huwafukuza wachujaji waliokuwa wakijaribu kuhamia. Hali ya mahali humchagua mnyama, na mnyama naye akiisha kukaa huigeuza hali ya mahali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa vikaa vya gando moja kubwa, wale wanaopunga mkono kando ya mikoko maji yakikupwa. Mtu akiwaona kwa mbali hudhani ni aina moja. Ni aina kadhaa, na kila aina inakaa kwenye ardhi yake. Kikaa huokota donge la mchanga kwa gando dogo, hulitia mdomoni, huchambua vijidudu na chembe za mwani zilizogandamana na punje, kisha hutema mchanga uliosafishwa. Kazi hiyo ya kuchambua hufanywa na nywele za mdomoni. Aina zinazoishi kwenye mchanga zina nywele nyingi zenye ncha pana kama kijiko, za kukwangua punje. Aina za kwenye tope zina nywele za ncha hizo chache zaidi, maana pale hapana punje kubwa ya kukwangua. Mpaka wa makazi yao umeandikwa mdomoni mwao. Ukimwaga mchanga wa punje kubwa juu ya tope, hujamuua kikaa wa tope, lakini umemfungia mlango wa kula.

Upande wa mashariki ya Unguja hata mchanga wenyewe ni kazi ya viumbe. Weupe wake unatokana na mabaki ya matumbawe, magamba, na mwani wa chokaa uitwao Halimeda, ambao huota ghubani kwa wingi na ukifa huvunjika vipande vidogo. Hapo Chwaka, kwa sehemu kubwa, unakanyaga mifupa ya mimea. Ukienda Bagamoyo au delta ya Rufiji, ardhi ya chini ya bahari imeletwa na mito kutoka bara, na wakazi wake ni wengine.

Katikati ya ghuba yapo majani ya bahari. Chwaka wamehesabu aina 11, na kwa ghuba moja hiyo ni neema kubwa. Majani hupunguza kasi ya maji, hunasa chembe ndogo, hutia kivuli, na mizizi yake huvujisha oksijeni kidogo kwenye tope linaloizunguka. Kwa sababu hiyo chini ya majani huishi wanyama wengi kuliko kwenye mchanga wa jirani. Lakini majani yananasa mabaki mengi mno, mabaki yanaoza, na salfaidi inayotoka humo ingeweza kuyaua majani yenyewe. Mwaka 2012 watafiti walichapisha maelezo ya jinsi yanavyookoka: chini ya majani ya bahari, sehemu nyingi za dunia na hasa nchi za joto, wanaishi chaza wadogo wa jamii ya Lucinidae. Ndani ya mashavu yao wamefuga bakteria wanaoishi kwa kuitumia salfaidi. Chaza hupata chakula kwa bakteria, bakteria hupata makao, majani hupunguziwa sumu. Mtu anayeogelea juu huona majani mazuri ya kijani. Anayeyafanya yabaki kijani amezikwa kwenye tope jeusi, na hakuna ramani inayomwonyesha.

Ukiendelea hadi mikokoni, tope linakuwa zito na chumvi inapanda na kushuka. Hapo kuna konokono mkubwa mweusi anayeitwa kwa jina la kisayansi Terebralia palustris, ambaye hugawana mahali pamoja na watoto wake bila kugombania chakula. Wachanga hula vijidudu na mabaki yaliyo juu ya tope. Wakikua, ulimi wao wenye meno hubadilika umbo na wanaanza kutafuna majani ya mikoko yaliyoanguka. Watafiti waliofanya kazi katika mikoko ya Kenya waliona kwamba mmoja akianza kula jani, wengine huja kutoka mbali kwa kufuata harufu, wakajikusanya juu ya jani moja. Kaa nao huyavuta majani mashimoni, na mashimo hayo hupeleka hewa na maji chini, mahali ambapo bila wao pangekuwa peusi tu. Ukikata mikoko, jani halianguki tena, kivuli hakipo, tope linakauka na kupasuka, chumvi inapanda. Konokono na kaa huondoka hata kama hakuna aliyewagusa.

Hao wote ni wanyama unaoweza kuwaona. Maabara huwatenga kwa chekeche: wanaobaki juu ya matundu ya milimita 1 au nusu milimita ndio wakubwa. Maji yanayopita huchujwa tena kwa matundu ya maikromita 63, yaani sehemu 63 za elfu za milimita, na humo hubaki kundi jingine, wengi wao minyoo membamba wa nematoda na vijikamba vya kopepoda. Kwa kawaida mita moja ya mraba ya sakafu ya bahari huwa nao milioni moja, pengine zaidi. Mara ya kwanza nilipotazama kwa darubini mchanga niliouchukua mwenyewe, nilinyamaza. Nilikuwa nimeukanyaga mchanga ule maisha yangu yote.

Msimu nao una neno lake. Kusi ikivuma, tangu Aprili au Mei, maji hupoa, mawimbi huwa makubwa na chembe ndogo huinuliwa kutoka chini. Masika huleta maji matamu. Katika ghuba isiyo na mto kama Chwaka athari ya mvua ni ya muda na iko zaidi karibu na mikoko. Penye mto ni habari nyingine. Mto Sabaki, ule ule unaoitwa Athi huko juu na Galana katikati, hufika baharini kaskazini ya Malindi ukiwa mwekundu kwa udongo. Wakati wa kusi udongo huo husukumwa kaskazini. Wakati wa kaskazi hurudi kusini hadi kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi. Kwa maneno mengine, upepo ndio unaoamua ni wakazi wa upande gani watakaozikwa mwaka huu.

Tena tunayo kumbukumbu ya zamani za udongo huo. Tumbawe kubwa la Malindi, lenye umri wa karibu miaka 300, lilitobolewa na kupimwa tabaka kwa tabaka, na matokeo yakatolewa mwaka 2007. Madini ya bariamu, yanayosafiri na udongo wa mito, yalikuwa kidogo kwa muda mrefu, kisha yakaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kulimwa kwa namna mpya chini ya ukoloni. Mimi ninaposoma habari hiyo siliwazi tumbawe peke yake. Tumbawe lina mwili mgumu, likaandika kilichotokea. Wachujaji waliokuwa mchangani jirani yake, waliozibwa vichujio na udongo huo, hawakuacha maandishi.

Elimu ya kuhesabu wakazi wa sakafu ilianza kwenye bahari za baridi. C.G.J. Petersen wa Denmark alitengeneza makucha ya chuma ya kung'oa kipande cha sakafu kinachopimika, na katika miaka ya 1910 akaonyesha kwamba wanyama wa chini hujipanga kwa jamii zinazojirudia. Huku kwetu kazi ilichelewa sana. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar ilianzishwa 1978, na mengi tunayoyajua kuhusu mchanga wa Unguja yametoka kwa watu waliopita humo tangu wakati huo. Kanuni za bahari baridi hazitufai zote: kwetu hakuna majira ya baridi yanayowafanya wote wazae kwa wakati mmoja, na jua la bamvua lina uzito ambao Denmark haupo.

Sasa nije kwenye mwani, kwa sababu siwezi kuiandika Unguja ya mashariki nikauacha. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989, Paje na Jambiani, kikaenea hadi Chwaka na kwingineko, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kimesomesha watoto na kujenga nyumba. Watafiti waliopima mchanga chini ya mashamba hayo katika miaka ya 1990 walikuta wanyama wadogo ni wachache kuliko mahali pasipo na shamba. Walitaja sababu mbili: mchanga hukanyagwa na kuvurugwa kila mara, na mwani huita samaki wanaochokora chini. Baadaye, mwaka 2005, utafiti wa mashamba yaliyowekwa juu ya majani ya bahari ulionyesha majani machache zaidi na wanyama wakubwa wa mchangani wachache zaidi.

Nimesikia watu wakizitumia habari hizi kuwalaumu wakulima. Sikubaliani nao hata kidogo. Mkulima hupiga vijiti mahali alipoambiwa kuwa panafaa, na alipoambiwa hapana kitu. Linalohitajika ni kuepuka kufyeka majani, kuacha vipande vya mchanga vipumzike, na kuwapa wakulima maarifa haya kwa lugha yao na kwa wakati. Hao hao sasa ndio wanaoumizwa kwanza na hali ya bahari inayobadilika: joto la kaskazi linaua ile aina yenye bei nzuri, iitwayo cottonii, katika maji ya kina kifupi, na wanasukumwa waende maji ya kina zaidi, ambako wengi wao hawajui kuogelea.

Maji machafu ya miji yana mtindo wake, nao ulielezwa vizuri tangu 1978 na watafiti Pearson na Rosenberg. Uchafu ukiwa kidogo, chakula huongezeka na wakazi pia. Ukizidi, aina nyingi hutoweka na hubaki minyoo wachache wastahimilivu, kama Capitella, kwa maelfu. Ukizidi tena, hakuna kitu. Kwa hiyo mchanga uliojaa wanyama si lazima uwe mzima. Swali ni wangapi wa aina ngapi. Mtu akikuletea ripoti yenye idadi tu, muulize majina.

Na si hali ya maji peke yake. Katika mwambao wa Kenya imeonekana kwamba samaki waitwao vikande wakivuliwa sana, wanyama wa miiba wanaoliwa na vikande huongezeka kupita kiasi, wakakwangua miamba na kufyeka majani ya bahari. Majani yakiondoka, tope lililonaswa na majani huchukuliwa na maji, punje zinabadilika, na wakazi wa chini wanapangwa upya. Ndoana iliyotupwa mwambani huishia kubadilisha mchanga wa ndani ya ghuba.

Ndiyo maana sehemu nyeupe ya ramani inanitia wasiwasi. Tathmini nyingi za mazingira nilizozisoma huhesabu matumbawe, hupima majani, hutaja kasa, na zikifika kwenye mchanga huandika sentensi moja. Mara nyingi vipimo vimechukuliwa kaskazi, bahari ikiwa shwari, kwa sababu ndipo kazi inapokuwa rahisi. Wakati wa kusi hakuna aliyerudi. Kuchimba mchanga kwa bomba la plastiki na kuuchekecha ni kazi ya bei nafuu. Inahitaji mtu anayezijua aina, muda wa darubini, na mama mmoja wa kijijini wa kusema kombe walikuwa wapi miaka kumi iliyopita.

Sakafu ikichimbwa, minyoo wadogo wepesi hurudi ndani ya wiki au miezi, na mwenye mradi huonyesha picha zao kuwa ushahidi wa kupona. Wakubwa wanaokua polepole, wale wanaotegemewa kwa kitoweo, huhitaji miaka. Lakini kurudi kwao kunategemea jambo moja: mchanga uliobaki uwe na punje zile zile. Shimo lililochimbwa ghubani hutuliza maji, maji yaliyotulia hushusha tope, na tope likishajaa humo, vifaranga vya kombe vinavyoelea vikitafuta pa kutua hupapita. Hapo hata ukisubiri miaka ishirini unasubiri wakazi wengine.